Mfungwa Naye Ana Akili Inayohitaji Burudani



Ndugu wasomaji, kila yakitajwa magereza hakosi mtu wa kusema, "Jela si hoteli." Ni kweli, jela si hoteli. Lakini wenye kauli hiyo huishia kutaka mfungwa anyimwe hata kitu kisichoigharimu serikali senti moja. Leo tunatoa mfano wa mbali, wa Marekani, kisha tutarudi kwetu.

Mwaka 1974, katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, ulitolewa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Hauna ubao maalumu kama drafti wala kete kama bao. Watu huketi mezani, mmoja akawa msimulizi, na kila mmoja katika wengine akajibunia mhusika wake. Msimulizi husema, "Mmefika kwenye mto uliofurika, mtafanya nini?" Wenzake hushauriana na kuamua, kisha dadu huonyesha kama wamefaulu. Hadithi moja huweza kwenda kwa miezi. Kinachotakiwa hasa ni karatasi, kalamu na watu wanaosikilizana.

Jimbo hilo hilo la Wisconsin lina gereza liitwalo Waupun. Humo wafungwa waliruhusiwa kuagiza vitabu vya mchezo huu, hadi mwaka 2004 ilipofika barua isiyo na jina ikidai kwamba mfungwa mmoja wa kifungo cha maisha na wenzake wanaunda genge kupitia mchezo huo. Vyumba vikapekuliwa. Vitabu vikachukuliwa, pamoja na kurasa 96 za hadithi aliyoitunga mfungwa huyo mwenyewe. Mchezo ukapigwa marufuku.

Mfungwa akaenda mahakamani, akaleta viapo vya wenzake kwamba hawajapata kuona genge lililotokana na mchezo huo. Wakuu wa gereza hawakuonyesha tukio hata moja la namna hiyo gerezani mwao. Hoja yao ilikuwa kwamba msimulizi anawaongoza wachezaji kama mkuu wa genge anavyowaongoza watu wake, na kwamba mchezo unaweza kuchochea uhasama na mawazo ya kutoroka. Januari 2010 mahakama ya rufaa iliyoko Chicago ikawapa ushindi wakuu wa gereza, ikisema si lazima wasubiri madhara yatokee ndipo wayazuie.

Sisi tunasema hukumu hiyo inaweza kuwa sahihi kwa sheria yao, lakini busara haimo. Ikiwa kila penye kiongozi pana genge, basi timu ya mpira ina nahodha na swala ya jamaa ina imamu. Je, navyo vifungwe? Sisi Waislamu tumekatazwa dhana mbaya katika Surat Al-Hujurat, wala hatukuambiwa kwamba aliye jela tunaweza kumdhania tupendavyo.

Wapo watakaotujibu, nao tunawasikia.

Kwanza, watasema mchezo una wachawi na miungu ya kubuni, na una dadu. Ni kweli, na wanazuoni wengi wameikataza dadu hata pasipo kuwekeana pesa. Muislamu aliye gerezani aiache, na hadithi yenye shirki aiache. Lakini tusichanganye mambo: wakuu wa Waupun hawakuwa wakilinda tauhidi.

Pili, watasema magenge yapo kweli. Yapo. Basi askari wasimamie, waweke saa na mahali, na akionekana mtu anatisha wenzake aondolewe yeye.

Tatu, watasema aliyeuawa hana tena mchezo wowote. Hili ni zito, na jamaa wa marehemu wana haki ya kulisema. Lakini adhabu ya kifungo ni kunyimwa uhuru. Kumtia mtu wazimu ndani ya uhuru alionyimwa ni adhabu ya pili ambayo hakuna hakimu aliyeitamka.

Hatutii chumvi. Katika gereza la Polunsky, Texas, waliohukumiwa kifo wamekaa miaka mingi kila mtu peke yake chumbani karibu siku nzima. Mwaka 2023 waandishi wa habari walieleza jinsi baadhi yao walivyoucheza mchezo huu kwa kupaziana sauti kutoka chumba hadi chumba. Dadu zilikatazwa, wakajitengenezea vishale vya kuzungusha. Kwa watu hao mchezo ulikuwa ndiyo jamaa.

Sasa turudi kwetu. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka kila gereza liwe na burudani kwa afya ya mwili na akili, na zinakataza kumfungia mtu peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 51, inambakishia mfungwa haki zake ila zile zisizopatana na kifungo chenyewe. Nabii Yusuf (A.S.) alikaa gerezani, na wenzake walimwendea na ndoto zao naye akawasikiliza.

Vijana wetu wako Shimo la Tewa, Kamiti na kwingineko, na wengi watarudi kuishi nasi. Mkiwatembelea, ulizeni wanashindaje. Wapelekeeni vitabu, daftari na kalamu kwa utaratibu wa gereza. Na pale panapokatazwa bao au kitabu, ombeni kwa adabu mwambiwe sababu. "Tunahofia tu" si sababu ya kutosha.

Wabillahi tawfiq.