TAHARIRI: Tusiuze hata mahindi ya kula

Machi ikifika, jiko la Iyula, wilayani Mbozi, hujaa neema. Kuna mahindi mabichi ya kuchoma na kuchemsha, maharage mabichi, maboga na majani yake. Mgeni akipita hukaribishwa hindi la moto, wala hakuna anayetaja bei.

Shibe hiyo inatusahaulisha. Msimu wetu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka. Mahindi yakishakauka, lori la mnunuzi linasimama mlangoni na ghala linabaki tupu. Ikifika Januari, mkulima huyo huyo ananunua unga dukani kwa bei ya juu.

Tupige hesabu. Kaya inayokula debe moja kwa wiki inahitaji madebe 52 kwa mwaka, yaani kama magunia tisa ya debe sita. Aliyevuna magunia 12 ana matatu tu ya kuuza.

Tunawashauri wakulima watenge kwanza chakula, wakikaushe vizuri na kukihifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ili wadudu wafe kwa kukosa pumzi. Mwenye kahawa, mahitaji ya shule yatoke huko. Soko la Tunduma lipelekewe ziada, si sahani ya watoto.