Uza Blanketi la Uzito, Usiuze Uponyaji



Kuna bidhaa inapita sana kwenye kurasa za watu siku hizi: blanketi la uzito. Sio lile nene la baridi ya Njombe. Hili limeshonwa vyumba vidogo vidogo, na ndani yake kuna shanga za kioo au punje za plastiki. Lina kilo 5, 7, hata 10. Ukijifunika linakukandamiza taratibu mwili mzima, kama umekumbatiwa. Wapo wanaosema linawatuliza wasiwasi na kuwaletea usingizi.

Shida ni maneno yanayowekwa chini ya picha: "Linatibu wasiwasi! Tupa dawa za usingizi!" Hapo mimi nakataa. Bidhaa ni halali na inauzika, ila ukiiuza kama dawa unamweka mteja hatarini na wewe mwenyewe pia.

Tuanze na ukweli wake. Utafiti wa Sweden uliotoka 2020 ulihusisha watu wazima 120 wenye maradhi kama sonona na wasiwasi, ambao pia walikosa usingizi. Baada ya wiki 4, waliotumia blanketi zito walipata nafuu ya usingizi kuliko waliopewa jepesi. Lakini utafiti wa Uingereza wa 2014, kwa watoto wenye usonji, ulionyesha kwamba watoto walilipenda ila usingizi wao haukuongezeka. Kwa hiyo ukisema "wengine linawasaidia" uko sawa. Ukisema "linatibu" umedanganya. Na mtu aliyeacha dawa za daktari kwa sababu ya posti yako, akizidiwa utamwambia nini?

Kubwa zaidi ni watoto. Mwishoni mwa 2022 huko Marekani, mablanketi ya watoto ya aina hii yapatayo 204,000 yaliondolewa sokoni baada ya wasichana wawili, wa miaka 4 na 6, kufariki. Ganda lake lilikuwa na zipu, mtoto akiingia ndani anaweza kunasa. Mama akikuuliza inboksi, "La mwanangu wa miaka miwili lipo?" mjibu, "Hapana dada, hili si la watoto wadogo." Oda moja imeondoka, sawa. Iache iondoke.

Halafu kuna jina lako. Aliyeahidiwa kupona asipopona atarudisha mzigo, na atakusema kwenye kila kundi la WhatsApp alilomo. Tena hapa Tanzania neno "linatibu" linakuingiza kwenye mambo ya TMDA, wanaosimamia dawa na vifaa tiba. Yote hayo kwa blanketi?

Basi andika hivi:

1. Taja kilo na vipimo vya blanketi. Wauzaji wengi hukadiria asilimia 10 ya uzito wa mtu: mwenye kilo 70, blanketi la kilo 7. Muulize mteja kabla hajalipia.

2. Sema ukweli kuhusu joto. Mteja wa Dar au Tanga asiye na feni atakulaumu usipomwambia mapema.

3. Mwenye shida ya kupumua amuone daktari kwanza. Asiyeweza kulitoa mwilini mwenyewe, usimuuzie.

4. Piga hesabu ya usafiri. Mzigo wa kilo 7 kwenye basi sio sawa na gauni. Taja gharama hiyo mwanzoni, mteja asiisikie ameshalipia.

Mfano wa posti: "Blanketi la uzito, kilo 7, la mtu mzima. Baadhi ya watu huwasaidia kutulia na kulala. Sio dawa. Halifai watoto wadogo. Niambie kilo zako nikuchagulie."

Posti ya hivyo itauza taratibu kuliko ile ya kuponya, lakini aliyenunua atarudi, na atamleta shoga yake. Leo kabla hujaposti kitu kipya, pitia posti zako za nyuma. Ukikuta neno "linatibu", lifute.