PUNGUZA HIYO WUFA, MTU WA MUNGU

Leo nitawaudhi wengine.

Saa kumi na moja alfajiri umefungulia wufa mpaka mwisho, ploti nzima imeamka. Ukiulizwa unajibu ni nyimbo za injili, acha shetani aaibike. Shetani gani? Aliyeamka ni mtoto mgonjwa wa jirani, aliyekuwa ndiyo amepata usingizi. Tunakemea disko matanga, kisha tunaileta sebuleni kwetu!

Soma Mithali 27:14. Ukimbariki rafiki yako alfajiri kwa makelele, kwake inahesabiwa laana. Na hapo hata stima haikuwepo.

Kule Mbita na Muhuru, jirani yako amekesha ziwani na taa akivua omena. Mchana ndio usiku wake. Besi yako inapenya mabati na ukuta, lakini maneno ya wimbo hayamfikii. Anasikia du-du-du tu. Huo ndio uinjilisti?

Sheria pia ipo. Kanuni za kelele za 2009 zinataka sauti isizidi desibeli 35 kwenye makazi, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kanisa vilevile, wachungaji wenzangu.

Usipunguze sauti peke yake. Shusha besi, na uitoe wufa kwenye kona, maana kona huongeza mngurumo. Kisha toka nje, simama mlangoni kwa jirani, usikilize.

Na yule uliyemwambia "shindwe" alipokuja kukuomba upunguze, mwendee leo umwombe msamaha. Usingoje Jumapili.