Kuku wa dukani kapungua ubora: Chanzo ni mzani, chakula na mpaka

Mama wa nyumbani wa Arusha na mwenzake wa Kajiado, ng'ambo ya mpaka wa Namanga, siku hizi wana lalamiko moja. Kuku wa dukani hana ladha, akiwekwa sufuriani anamwaga maji, na mifupa yake inakatika kama vijiti. Wauzaji wengi hujibu kwamba wateja wanakumbuka tu ya zamani. Hata hivyo, ukiangalia namna biashara ya kuku inavyoendeshwa katika Afrika Mashariki utaona kuwa lalamiko hilo lina msingi, na kwamba sababu zake ni za kiuchumi kabla hazijawa za jikoni.

Mwandishi wa makala haya alinunua kuku wa barafu katika duka moja, akiwa ameandikwa gramu 1,300. Baada ya kuyeyuka na kuchujwa maji, mzani wa jikoni ulisoma gramu 1,120. Maana yake ni kwamba gramu 180 zilizolipiwa kwa bei ya nyama zilikuwa maji. Huenda kuku huyo alikuwa na bahati mbaya, lakini maji katika kuku si jambo geni. Kuku aliyechinjwa hupoozwa ndani ya maji baridi na hunyonya kiasi fulani. Viwanda vingine huongeza maji ya chumvi kwa sindano. Afrika Kusini ililazimika mwaka 2016 kuweka kikomo cha maji hayo kuwa asilimia 15 kwa vipande na asilimia 10 kwa kuku mzima, kwa kuwa zoezi hilo lilikuwa limepita kiasi.

Jambo la pili ni kuku mwenyewe. Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kilichapisha mwaka 2014 utafiti uliolinganisha koo za kuku wa nyama za miaka tofauti, wote wakilishwa chakula kilekile. Siku ya 56 kuku wa ukoo wa mwaka 1957 alikuwa na gramu 905, na yule wa mwaka 2005 alikuwa na gramu 4,202. Hawa wa pili ndio aina ya kuku wa kisasa, au kuku wa gredi kama wanavyomwita Kenya, ambao vifaranga wao wanauzwa kwetu. Ukuaji huo wa haraka umeshusha bei na kuwawezesha wengi kula kuku, na hilo ni jema. Lakini una gharama yake. Misuli ya kidari inakua kuliko uwezo wa damu kuihudumia, ndiyo maana wanunuzi wengine hukuta mistari myeupe ya mafuta kwenye kidari au nyama ngumu kama mbao. Aidha, kuku anayechinjwa akiwa na wiki 4 au 5 bado ni mtoto, na nyama changa haina ladha ya nyama iliyokomaa.

Kwa nini achinjwe mapema hivyo? Hapa ndipo chakula kinapoingia. Wafugaji wa kanda hii hukadiria kuwa asilimia 60 hadi 70 ya gharama ya kuku wa nyama ni chakula, na chakula hicho kinavuka mipaka kuliko kuku wenyewe. Mahindi yanatoka Tanzania na Uganda kwenda Kenya. Mashudu ya alizeti yanatoka mikoa ya kati ya Tanzania, soya inatoka hadi Zambia na Malawi, na dagaa wanatoka Ziwa Victoria. Mpaka mmoja ukifungwa, banda la kuku la Kiambu linahisi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti. Mwaka uliofuata vita vya Ukraine vilipandisha bei ya nafaka duniani.

Mfugaji aliyebanwa na bei ya chakula ana njia tatu. Anaweza kupandisha bei ya kuku, lakini mwenye banda la chipsi hatamkubalia. Anaweza kuuza mapema, kuku akiwa mdogo. Au anaweza kuchanganya chakula hafifu, akizidisha pumba na kupunguza soya na dagaa. Kwa kuwa kuku wengi kwetu huuzwa kwa kichwa na si kwa kilo, njia mbili za mwisho ndizo rahisi. Bei inabaki palepale, kuku ndiye anayepungua.

Ipo njia ya nne ambayo ni hatari zaidi, nayo ni dawa. Antibaiotiki hutumiwa si kwa kutibu tu, bali kuziba pengo la banda chafu na msongamano. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibaiotiki za kukuzia mifugo tangu Januari 1, 2006. Kwetu dawa hizo hununuliwa dukani kama chumvi. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuchinja, lakini mfugaji mwenye mteja mlangoni na chakula kinachokwisha ana kishawishi kikubwa cha kutosubiri. Anayelipa mwishowe ni mgonjwa ambaye dawa inashindwa kumponya kwa kuwa vimelea vimekwisha kuizoea.

Mwaka 1970 mchumi George Akerlof aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika. Hoja yake ni kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zuri na bovu, atalipa bei ya wastani kwa yote, na mwenye gari zuri ataondoka sokoni. Weka kuku mahali pa gari na utaelewa yanayotokea. Mfugaji anayelisha vizuri na kusubiri siku za dawa anapata bei ileile anayopata jirani yake asiyefanya hivyo. Misimu miwili au mitatu ya hasara inatosha kumfanya aige jirani au afunge banda.

Mipaka nayo haijasaidia. Januari 2017 Kenya ilizuia kuku wa Uganda baada ya mafua ya ndege kuthibitika kandokando ya Ziwa Victoria. Mwaka huohuo Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga bila kibali. Hofu ya ugonjwa ni ya haki. Lakini njia halali ikifungwa, njia za panya hufunguka, na kuku anayepita porini usiku hana cheti cha daktari wa mifugo wala anayejua alikotoka.

Mnunuzi afanye nini basi? Wengi hukimbilia kuku wa kienyeji, na wauzaji wanalijua hilo. Ndiyo maana kuku wa mayai waliomaliza kutaga, pamoja na chotara kama Kuroiler na Sasso, huuzwa kwa jina la kienyeji. Chotara ni kuku mzuri, tatizo ni kulipia bei isiyo yake. Katika masoko ya kuku hai kama Kisutu jijini Dar es Salaam, Burma jijini Nairobi au Nakasero jijini Kampala, mtazame kuku kabla ya kuuliza bei. Kuku wa mayai mara nyingi amekatwa ncha ya mdomo akiwa kifaranga, na kama alikaa kizimbani kucha zake ni ndefu na manyoya ya shingo yamenyonyoka. Kienyeji halisi ana mdomo mzima, kucha zilizolika kwa kuparura, kidari chembamba na mfupa wa kifua unaoonekana kwa kidole. Macho yawe maangavu na haja yake isiwe ya kuharisha.

Kwa kuku wa kisasa, njia bora ni kwenda kwa mfugaji. Familia tano au sita zinaweza kuagiza pamoja kuku wa wiki 6 au 7, kwa bei ya kilo, na kumuuliza mfugaji dawa ya mwisho ilitolewa lini. Mfugaji anayetunza daftari la chanjo na dawa atakuonyesha bila kusita. Asiye nalo, tafuta mwingine. Kwa wa dukani, tafuta muhuri wa ukaguzi, tarehe ya kuchinjwa na jina la machinjio. Kataa mfuko wenye barafu nyekundu chini, kwani huo ni ushahidi kuwa aliyeyuka akagandishwa tena. Nyumbani mpime baada ya kuyeyuka, kisha rudi dukani na hesabu yako.

Wafanyabiashara wa mpakani wana la kujifunza hapa. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka ushuru wa asilimia 35 kwa bidhaa kadhaa kutoka nje, nyama ikiwamo. Ukuta huo unamlinda mfugaji wa ndani dhidi ya kuku wa barafu wa ng'ambo, ila haumlindi mlaji dhidi ya mfugaji wa ndani. Kinachohitajika ni kuku kuuzwa kwa kilo, lebo kutaja aina na umri wake, na cheti cha afya cha nchi moja kuheshimiwa na jirani. Atakayeanza kuuza hivyo atapata wateja walio tayari kulipa zaidi, kwa sababu mnunuzi wa leo hakosi fedha peke yake, anakosa pia mtu wa kumwamini.