Kutambuliwa Kazini Si Hisani, Ni Haki

Kila mwaka ifikapo tarehe 1 Mei, viwanja vyetu hujaa maandamano, mabango na fulana mpya. Baada ya hotuba huitwa majina ya wafanyakazi bora. Huyu hupewa cheti, yule fedha taslimu. Hatuipingi furaha hiyo. Tunauliza tu: ni nani aliyewachagua, na kwa kipimo gani? Katika ofisi nyingi wafanyakazi wenyewe hujibu kwa kicheko cha uchungu: mwaka huu ilikuwa zamu ya idara fulani, au zamu ya mtu wa mkubwa.

Tarehe 2 Mei mambo hurudi yalivyokuwa. Karani hukesha akiandaa taarifa. Mkuu wake huitia sahihi na kusifiwa kwayo mkutanoni. Muuguzi wa zamu ya usiku huokoa maisha ya mzazi na mtoto. Asubuhi hakuna anayeuliza ni nani aliyekuwapo. Kibarua hupalilia shamba lile lile mwaka baada ya mwaka, naye bado huitwa kibarua wa kutwa, kana kwamba alifika jana.

Sisi twaliita jambo hili kwa jina lake: ni wizi. Amri ya saba haikuwekwa kwa ajili ya kuku na baiskeli peke yake. Anayejitwalia sifa ya kazi ya mwenzake humwibia cheo chake cha kesho, mshahara wake wa kesho, na heshima yake mbele ya watoto wake. Katika waraka wake juu ya kazi ya mwaka 1981, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na mtu anayeifanya. Basi, anayeipokea kazi na kumfuta mtendaji wake ameibakiza mashine, amemtupa mtu.

Wapo watakaotujibu kwa methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini chema hujiuza kwa mnunuzi mwenye macho. Pale ambapo mkubwa hafumbui macho, watu hujifunza kujipendekeza: kumbebea mkoba, kumpelekea habari za wenzao, kucheka asipochekesha. Mahali pa kazi ambapo mtu hana budi kujitembeza ili aonekane, kosa si la anayetembea; ni la aliyefumba macho.

Wengine, nao ni waamini wenzetu, watatukumbusha fundisho la Bwana kwamba mkono wa kushoto usijue utendalo wa kuume. Ndugu wapendwa, tusilipotoshe Neno. Fundisho hilo humfunga mtoaji asijivune. Halimpi mpokeaji ruhusa ya kunyamaza. Mtazameni Mtakatifu Yosefu. Injili hazikuandika hata neno moja alilolitamka. Hakujitangaza, Kanisa ndilo lililomtangaza, na mwaka 1955 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliiweka sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi siku ile ile ya Mei Mosi. Mnyenyekevu hunyamaza, mwenye haki humtafuta na kumtaja.

Tena kutaja huko hakuishii katika makofi. Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na ajira inapokoma ampe cheti cha utumishi. Karatasi hizo mbili ni ushuhuda kwamba mtu huyu alikuwapo na alifanya kazi. Anayempa mtumishi wake keki na picha ya pamoja huku akimnyima karatasi hizo, anamdhihaki.

Wala tusinyooshe kidole nje tu. Ni nani apikaye katika nyumba zetu za mapadre? Katekista aliyetembea kwa miguu vigango vyote, ametajwa wapi katika historia ya parokia, ambamo majina ya mapadre yameandikwa yote? Tukiwadai waajiri yale tusiyoyatenda, maneno yetu ni debe tupu.

Kwa hiyo twawasihi wakubwa wa kazi: liandikeni jina la aliyeitenda kazi juu ya kazi yake, na vigezo vya tuzo vibandikwe ukutani kabla ya majina. Nanyi wafanyakazi, wekeni kumbukumbu ya mliyoyafanya, na mkutanoni mtu asimamapo kusifiwa kwa jasho la mwenzenu, semeni kwa adabu: kazi hii ni ya fulani. Kumshuhudia mwenzako ni rahisi kuliko kujisifu, na huzaa matunda zaidi.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi twaongeza: na jina lake mlitaje.