"Mtu wa Kwetu" si Dhamana

Naomba nafasi kidogo katika jarida letu nitoe yangu machache kuhusu jambo ambalo wengi wetu tutakutana nalo tupende tusipende. Jambo lenyewe ni kuhama. Sizungumzii kuhama kutoka Umoja hadi Kayole kwa mkokoteni, ambako ukikosa sufuria moja unarudi kwa miguu kuitafuta. Nazungumzia safari ndefu, vyombo vyote vya nyumba vikiwa ndani ya lori kuelekea mashambani au pwani, na wenyewe mkiwa ndani ya basi.

Hoja yangu ni moja. Watu wa mitaa yetu hii ya Eastlands humchagua mwenye lori kwa kuuliza, "Ni mtu wa wapi?" Akiwa mtu wa kwao, basi, mambo yamekwisha. Mimi nasema swali hilo ndilo linalotuponza.

Babu na nyanya yangu waliishi Maringo miaka mingi. Mwaka jana waliamua kurudi nyumbani Kakamega. Jirani mmoja akawaletea kijana mwenye kanta. Kijana aliingia, akasalimia kwa lugha ya nyumbani, akauliza habari za ukoo wetu, akanywa chai vikombe viwili. Bei ikawa shilingi 30,000. Nikauliza, "Babu, hatuandiki mahali?" Babu akanikata kauli: "Wee, huyu ni mtoto wa nyumbani. Mtoto wako utamwandikisha?" Pesa zote zikatumwa kwa simu jioni ile ile.

Kesho yake walipakia. Nilitaka nipande mbele na dereva, lakini nafasi ilikuwa imejaa, yeye na tanboi na rafiki yao. Usiku simu ikalia. Kijana yuko Nakuru, ati mzigo umezidi, ati mafuta yamekwisha, aongezwe shilingi 12,000, la sivyo atashusha vyombo kando ya barabara. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160 tu, yaani safari haikuwa imefika hata nusu. Babu angefanya nini? Akatuma. Lori lilifika siku ya tatu. Magodoro yalikuwa yamelowa kwa sababu hapakuwa na turubai. Cherehani ya nyanya haikuwako.

Ndugu msomaji, cherehani hiyo ndiyo iliyoshona sare za watoto wengi wa Maringo, na ndiyo nyanya aliyotegemea kuanzia maisha kule. Tulipokwenda kupiga ripoti, afisa alituuliza maswali matatu. Nambari ya gari? Jina kamili la dereva? Orodha ya vitu? Hatukuwa na jibu hata moja. Kijana tulimjua kwa jina la utani, na simu yake ilikuwa imezimwa. Jirani naye akasema hata yeye hakumjua sana, ila tu wanatoka upande mmoja. Mpaka leo nyanya anashona vitu vidogo vidogo kwa mkono. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa tazama upande wa pili. Shangazi yangu alihama kutoka Donholm kwenda Voi. Mwenye lori aliyemchukua hata salamu ya kwao hakuijua. Lakini alikuja siku mbili mbele kuona vyombo kwa macho yake. Akaandika orodha mara mbili, moja yake na moja ya shangazi, wote wakatia sahihi. Akatoa kitambulisho, akaonyesha turubai, akachukua nusu ya pesa. Nusu nyingine alilipwa Voi baada ya vitu kuhesabiwa. Kioo cha kabati kilivunjika njiani, akakatwa shilingi 1,500 bila kelele. Kati ya hao wawili, ndugu ni yupi?

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya kampuni kubwa, na mtu wa kawaida hutafuta bei nafuu. Ni kweli, wala bei nafuu si dhambi. Malori mengi huleta kabichi, viazi na mahindi Nairobi, katika masoko kama Marikiti, na wakati wa kurudi huwa matupu. Dereva wa namna hiyo anaweza kukupunguzia bila kukuibia. La muhimu ni kumuuliza bei hiyo imebeba nini. Je, wapakiaji wamo? Kushusha je? Akilala njiani, nani atalipa? Bei isiyotaja hayo ni ya kukuingiza mtegoni tu, na iliyobaki utaidaiwa ukiwa huna pa kukimbilia.

Nambari ya gari nayo isiandikwe tu. Kwa ada ndogo, Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, yaani NTSA, itakuonyesha gari limesajiliwa kwa jina la nani. Tena tusidanganyike tukiambiwa, "Gari lina bima, mama, usijali." Bima ya lazima, ile ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, inahusu watu wanaoumizwa au kuuawa na gari. Kabati lako halimo. Mizigo ina bima yake mbali, na mwenye lori akisema anayo, mwambie akuonyeshe karatasi.

Wengine watanilaumu kwamba nawafundisha watu kutoaminiana. Sivyo hata kidogo. Maandishi humlinda hata dereva mwaminifu. Mwenye vyombo akizua kwamba amepoteza televisheni ambayo haikupakiwa, orodha itamtetea dereva. Anayekasirika kwa kuombwa atie sahihi ndiye wa kuogopwa.

Na mambo yakiharibika, siku hizi pana pa kwenda. Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ikaanza kazi Milimani mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe kwa siku 60. Lakini ukifika pale bila karatasi utasema nini? Utasema mshtakiwa alikunywa chai kwenu?

Wenzangu, hapa ndipo sisi wanafunzi tunapoingia. Darasani tunafunzwa kuandika barua rasmi, orodha na risiti, tukakosolewa hata nukta. Halafu nyumbani lori linaondoka na jasho la wazee wetu la miaka 30 bila hata karatasi moja. Mimi nilikuwa pale na kalamu mfukoni, nikanyamaza kwa sababu babu alisema ninyamaze. Heshima kwa wazee ni lazima, lakini ningeweza kusema kwa adabu, "Babu, niruhusu niandike tu, itakuwa kumbukumbu yetu." Ningeweza hata kutoka nje nikanakili nambari ya gari. Sikufanya hivyo, na majuto ni mjukuu. Safari hii mjukuu mwenyewe ni mimi.

Kwa hivyo mkisikia nyumbani kwenu wanahama, toeni daftari. Andikeni nambari ya gari, jina na nambari ya kitambulisho cha dereva, bei yote, kila chombo, na siku ya kufika. Msilipe zote kabla ya kufika. Kisha mwulizeni anatoka wapi mkipenda, mpate la kuzungumza mkinywa chai.

Naweka kalamu chini. Wasalaamu.

Mwanachama, Kidato cha Tatu