Viatu vya Sikukuu: Jozi Moja ya Kweli



Kila mwaka, majuma ya mwisho kabla ya Kipaimara, maswali ya wale tunaowafundisha hubadilika. Mwanzoni waliuliza juu ya Roho Mtakatifu na mapaji yake saba. Sasa wavulana wanauliza juu ya viatu. Viwe vya rangi gani? Vyenye ncha ndefu au vya mviringo? Zamani tulikuwa tukitabasamu na kuwarudisha kwenye somo. Hatutabasamu tena, tangu mambo mawili yaliyotupata katika mwaka mmoja.

La kwanza: kijana mmoja aliyehudhuria mafundisho miaka miwili bila kukosa hakuonekana siku ya Kipaimara. Majuma kadhaa yalipita kabla mama yake hajatueleza sababu. Ilikuwa imetangazwa kwamba wavulana wote wavae suruali nyeusi, shati jeupe na viatu vyeusi vya ngozi. Suruali na shati aliazimwa. Viatu vya kumtosha havikupatikana, naye akaona haya kuja. La pili: mwenzake alikuja na viatu vipya, vinavyong'aa kama kioo, alivyovinunua kwa deni. Mvua ilinyesha asubuhi ile. Katika maandamano ya matoleo soli ya mguu wa kuume ikafunguka kama mdomo wa samaki, akafika mbele ya altare akiburuta mguu, huku wenzake wakicheka. Deni alimaliza kulilipa baadaye, viatu vyenyewe vikiwa vimekwisha kutupwa.

Katika makosa yote mawili sisi wakatekista tulikuwa na sehemu yetu. Tulitangaza sheria ya viatu, wala hatukuuliza nani hana. Tulitaka viatu vya ngozi, wala hatukumfundisha mtu namna ya kuitambua ngozi. Ndiyo maana leo twaandika juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo. Rai yetu ni hii: kijana anayeweza, ajipatie jozi moja ya viatu vya heshima, iliyo imara, aliyoilipia kwa fedha yake mwenyewe, na aitunze miaka mingi, na asiyeweza, asifungiwe mlango wowote wa Kanisa.

Wako wanaosema kwamba Mkristo hapaswi kufikiri juu ya viatu, kwa kuwa Mungu hutazama moyo. Wanasema kweli, lakini hawaimalizi. Katika sura ya 15 ya Injili ya Luka, baba anapompokea mwanawe aliyepotea, anaagiza aletewe vazi, pete na viatu. Watumwa walikwenda pekupeku. Kumvika mtu viatu kulikuwa kumtangaza kuwa ni mwana wa nyumba ile. Basi viatu vyaweza kuwa alama ya hadhi, na hadhi haidharauliwi. Lakini nabii Amosi aliwakemea matajiri wa Israeli waliomuuza maskini kwa bei ya jozi ya viatu, na mtume Yakobo aliwaonya Wakristo wanaompa mwenye mavazi mazuri kiti cha mbele na kumwacha maskini amesimama. Mafundisho haya mawili yaende pamoja: kiatu chaweza kumheshimu mtu, lakini kamwe kisiwe kipimo cha mtu.

Katika nchi yetu mavazi yana historia. Wazee wetu wanakumbuka jinsi, tangu mwanzo wa miaka ya 1970 hadi mwaka 1990, serikali ilivyoweka abacost mahali pa koti na tai za Kizungu. Wengine wanakumbuka umaarufu wa wasapeur wa Kinshasa na Brazzaville, na mwimbaji Papa Wemba aliyewatangaza duniani, na jinsi viatu vya J.M. Weston vya Ufaransa vilivyotamaniwa kuliko dhahabu. Hatuwadharau wasapeur. Tazameni mmoja wao anavyopita njia ya tope, akichagua pa kukanyaga, na anavyopiga brashi viatu vyake jioni: huo ni uvumilivu na usafi, na vijana wengi wangeweza kujifunza kwao. Tunachokataa ni kuinyima nyumba chakula kwa ajili ya jina lililopigwa chapa ndani ya kiatu. Papa Fransisko alipochaguliwa hakuchukua viatu vyekundu. Aliendelea na viatu vyeusi vya kawaida, na hakuna aliyesema kwamba hakuvaa kwa heshima.

Sasa tuingie sokoni, kwa sababu nia njema bila maarifa hupoteza fedha.

Anzeni na ngozi. Msidanganywe na mng'ao, kwa maana plastiki hung'aa kuliko ngozi. Bonyezeni kiatu kwa kidole gumba: ngozi halisi hufanya mikunjo midogo isiyolingana, kisha hurudi polepole, ngozi bandia huingia ndani kama mpira wa kuchezea na kutoka vilevile. Tafuteni mahali ambapo ukingo haujafunikwa, chini ya ulimi au penye matundu ya kamba. Ngozi huonyesha nyuzinyuzi. Bandia huonyesha kitambaa kilichopakwa rangi. Kiatu cha namna hiyo hubambuka palepale vidole vinapokunja, wala hakuna dawa ya viatu itakayokiponya. Angalieni na ndani: bitana ya ngozi huacha mguu upumue, ya plastiki huuchemsha.

Kisha pindueni kiatu, kwa kuwa uzima wake uko chini. Viatu vingi vya bei nafuu hushikiliwa na gundi peke yake, na maji na joto huishinda gundi. Mshono ni bora. Imara sana ni ule unaoitwa Goodyear, kwa jina la Mmarekani aliyeieneza mashine yake katika karne ya 19: utepe wa ngozi huzungushwa pembeni mwa kiatu, sehemu ya juu hushonwa kwenye utepe huo, na soli nayo hushonwa kwenye utepe uleule. Kwa hiyo soli ikichakaa, fundi huikata nyuzi zake na kushona nyingine bila kuigusa ngozi ya juu. Lakini jihadharini: viwanda vingine huchora mshono wa uongo juu ya plastiki. Vuteni kidogo kwa ukucha mwone kama uzi unapita kweli.

Soli yenyewe iwe ya nini? Vitabu vya mitindo husifu soli ya ngozi. Waandishi wake hawajapanda miteremko ya Bukavu katika mvua ya Aprili, wala hawajakanyaga mawe ya volkano ya Goma, ambayo hukata soli kama kisu. Kwetu sisi soli ya mpira iliyoshonwa ndiyo yenye busara. Na tahadhari moja zaidi: ziko soli nyepesi za poliuretani ambazo unyevu huzila polepole hata kiatu kikiwa ndani ya boksi. Waweza kununua kiatu kilichokaa dukani miaka, kisicho na alama ya kuvaliwa, na soli ikabomoka kama mkate mkavu siku ya arusi. Bonyezeni kwa ukucha. Ikitoa unga au ikinata, kiacheni hapo.

Kuhusu umbo, chagueni kinachodumu kuliko kinachosifiwa mwaka huu. Ncha ndefu kupita kiasi hujikunja na kuchubuka mapema. Jozi ya kwanza iwe nyeusi, ya kamba, isiyo na mapambo: hiyo hufaa Misa, arusi, mazishi, mtihani wa chuo na siku ya kuomba kazi. Kiatu kiitwacho richelieu, ambacho pande zake mbili zimefungwa chini, ndicho rasmi zaidi. Derby, ambacho pande zake hufunguka, humfaa mwenye mguu mpana, nasi wengi tu hivyo. Nendeni kununua alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa kazi ya mchana. Vaeni vyote viwili, kwa maana miguu ya mtu hailingani, mkatembee. Kisigino kisipande na kushuka, na vidole visiguse mbele. Muuzaji akisema kwamba kitapanuka, jueni kwamba ngozi hupanuka kwa upana, lakini haitarefuka.

Mtasema: viatu vya namna hiyo ni ghali. Tufanye hesabu kama darasani. Tuseme jozi ya gundi inauzwa dola 15 na hudumu miezi sita. Katika miaka mitano utanunua jozi kumi, yaani dola 150. Tuseme jozi iliyoshonwa inauzwa dola 60, na katika miaka hiyo utabadilisha soli mara mbili kwa dola 10 kila mara: jumla dola 80. Maskini ndiye anayelipa zaidi, kwa sababu hana dola 60 kwa siku moja. Hapo ndipo umoja unapokuwa na maana. Vijana kumi wa kundi moja wakifanya likelemba ya dola 6 kwa mwezi, kila mwezi mmoja wao anapata jozi yake, na baada ya miezi kumi wote wamevaa, bila deni na bila aibu. Penye mitumba nako mna viatu vya kushonwa ambavyo mwenyewe wa kwanza alivichoka kabla havijachoka. Jicho lililofundishwa litavipata kwa bei ndogo. Angalieni tu kwamba ngozi haijapasuka na kwamba ndani hakujachukua mno umbo la mguu wa mwingine.

Hapa pana jambo la dhamiri. Soko limejaa viatu vyenye jina la uongo: vimeandikwa ngozi navyo si ngozi, vimepigwa chapa ya kiwanda ambacho havikukijua. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, kijana mlei wa Goma, alikuwa na kazi ya kukagua ubora wa bidhaa mpakani. Alikataa rushwa aliyopewa ili apitishe vyakula vilivyoharibika, akauawa mwaka 2007, na Kanisa likamtangaza mwenyeheri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Kiatu kibovu hakiui kama chakula kibovu, lakini uongo wa muuzaji ni wa ukoo mmoja. Wengi wenu mnafanya biashara ndogo. Atakayeuza plastiki aseme plastiki. Na wewe unayenunua jina la uongo hali ukijua, ili wenzako wadhani umevaa kisicho chako, jiulize unamdanganya nani siku ya Bwana.

Kiatu kikishanunuliwa, kitunzwe. Baada ya kuvaa, futeni vumbi kwa brashi na kulegeza kamba. Msikanyage kisigino kwa haraka ya kuvaa. Kikilowa, jazeni karatasi za gazeti ndani na kukiweka kivulini. Mkikiweka karibu na mbabula, ngozi hukauka na kupasuka. Pakeni dawa ya viatu kidogo, iache inywe, kisha sugueni. Dawa nyingi si upendo mwingi. Pumzisheni kiatu siku moja kabla ya kukivaa tena. Penye tope, tembeeni na sandali, mkivae kiatu mlangoni mwa kanisa, kama wazazi wetu walivyofanya bila kuona haya.

Tena mjueni fundi wa viatu wa mtaa wenu, mmwamkie na kumlipa kwa haki. Kazi yake ina wasimamizi mbinguni: watakatifu Krispino na Krispiniano, ambao hukumbukwa tarehe 25 Oktoba. Mapokeo yasema kwamba huko Soissons, katika Ufaransa ya leo, walihubiri Injili mchana na kushona viatu usiku ili wapate riziki. Kijana asiye na ajira angeweza kukaa mwaka mmoja karibu na fundi mwema na kutoka na kazi mikononi.

Mwisho twageuka kwetu sisi viongozi. Kila shirika laweza kuwa na sanduku la viatu: vile ambavyo watoto wetu wameviacha kwa kukua, vikitengenezwa na kupakwa dawa, viazimwe kabla ya sikukuu bila kutaja jina la mtu. Wasimamizi wa Kipaimara waulize mapema, tena kwa faragha, kama mtoto wao wa kiroho ana cha kuvaa. Na tangazo lisifanye sharti lile ambalo Kanisa halikufanya sharti.

Yule kijana wa kwanza alipokea Kipaimara mwaka uliofuata, amevaa viatu vya baba yake mdogo, vilivyokwisha kubadilishwa soli mara mbili. Vilikuwa vikubwa kidogo. Mama alitia pamba mbele. Alitembea vizuri hadi mbele ya Askofu. Tangu mwaka ule, katika tangazo letu, mahali pa viatu pana maneno mawili tu: viatu safi. Mwenye sandali safi anaingia pamoja na wengine, na sisi ndio tunaomfungulia mlango.